Habari za Chuo na Amana ya Maktaba

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wanachuo, wakutubi na wananchi, Dar es Salaam)



Jambo nililoombwa kulinena ni habari. Sikusudii habari kubwa za dola na vita, ambazo zina watu wake wa kuzisimulia, bali habari ndogo ndogo za jumuiya ya chuo, zile zinazobandikwa katika ubao wa matangazo mlangoni mwa maktaba: mhadhara wa jioni, mjadala wa wanafunzi, maonyesho ya vitabu, kisomo cha mashairi, tanzia ya mwalimu aliyefariki, shukrani kwa mtu aliyetoa vitabu vya marehemu baba yake ili wasomaji wafaidike navyo. Aghalabu karatasi hizo husomwa na wachache, tena kwa haraka, na siku yake ikipita hubanduliwa zikatupwa, wala hapana anayeona kwamba kuna kilichopotea. Nami nasimama mbele yenu kudai kwamba kilichopotea ni kikubwa. Kwamba maktaba ya chuo ina wajibu wa mambo matatu juu ya habari za jumuiya yake, nayo ni kuzipokea, kuzihifadhi, na kuzirudisha kwa watu. Na kwamba maktaba isiyotimiza wajibu huo, ijapokuwa ina vitabu laki nane, haijatimiza kazi yake.

Tuanze na asili ya mambo. Magazeti ya Kiswahili hayakuzaliwa katika majumba ya wafanya biashara wala katika ofisi za serikali, yalizaliwa vyuoni. Mwaka 1888, katika chuo cha misheni ya UMCA pale Kiungani, Unguja, mahali palipoanza kwa kuwapa hifadhi na elimu vijana waliokombolewa katika majahazi ya watumwa, lilitokea gazeti la Msimulizi, na ndani yake waliandika wanafunzi na waalimu waliosomea hapo kisha wakatawanyika mpaka Bonde, Masasi na Nyasa. Waliandika nini? Waliandika nani amewasili na nani amefariki, shule ipi imefunguliwa, safari ipi imekwenda na ilipata mashaka gani njiani. Kwa mtu wa siku zile zilikuwa ni salamu tu za ndugu kwa ndugu. Lakini leo mwanahistoria atakaye kujua jinsi vijana wa mwanzo waliosoma Kiswahili kwa hati za Kirumi walivyoishi, walivyosafiri na walivyohuzunika, hana budi kuzirudia salamu zile, maana katika ripoti za maaskofu na mabalozi aghalabu hawaonekani ila kama idadi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ikafuata Tanga, ambapo shule ya serikali ya Wajerumani ilikuwa na mtambo wake wa kupigia chapa, na wanafunzi wakawa ndio mafundi wa kupanga herufi. Hapo lilichapwa gazeti la Kiongozi, na waalimu na makarani waliopelekwa bara walilitumia kupeana habari za vituo vyao, mpaka Vita Kuu vilipolizima. Mwaka 1923, chini ya Waingereza, Idara ya Elimu ya Tanganyika ikaanzisha Mambo Leo, na gazeti hilo likajazwa, miaka nenda miaka rudi, na barua za watu waliosoma, kila mmoja akieleza habari za mji wake. Kwa hiyo, mabibi na mabwana, mwenye kudhani kwamba habari za shule na chuo ni jambo la pembeni katika maandishi yetu ameipindua historia; nathari yetu ya sasa, ile tunayoisoma magazetini na kuisikia redioni, ilijifunza kutembea katika habari za namna hiyo.

Basi ziko wapi karatasi zile leo? Zilizosalia zimesalia kwa sababu pametokea mtu akazikusanya, akazifunga juzuu, akazitia rafuni pasipofika mvua wala mchwa. Na mtu huyo mara nyingi hakuwa wetu. Nyaraka za UMCA zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford, na kijana wa Muheza au wa Masasi atakaye kusoma babu wa babu yake aliandika nini katika ujana wake, aghalabu hana budi kuomba ruhusa na nauli ya Uingereza. Simlaumu aliyehifadhi, maana lau asingalihifadhi tusingalikuwa na cha kuulizia. Ila nasema kwamba jambo hili latosha kutufundisha ni nani anayeimiliki historia. Anayeimiliki ni yule aliyejitaabisha kuiweka.

Sasa tuje nyumbani. Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa mwezi wa Oktoba mwaka 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria, na mwaka 1964 kikahamia kampasi yake ya Mlimani. Kabla hakijahama, mwaka 1962, ilitungwa sheria iliyowataka wachapishaji wa Tanganyika wapeleke nakala ya machapisho yao katika maktaba ya Chuo. Fikirini adhama ya jambo hilo: nchi changa, yenye wasomi wa kuhesabika, ilichukua hazina ya maandishi yake ikaiweka mikononi mwa maktaba ya chuo, kwa sababu iliamini kwamba mahali penye kusomwa ndipo mahali penye kutunzwa. Tangu siku hiyo maktaba ya Chuo haikuwa tena chumba cha kuazimia vitabu vya mitihani. Ilikuwa imepewa amana ya umma.

Walakini sheria ya namna hiyo ina mpaka wake. Humfikia mchapishaji mwenye duka na anwani. Haimfikii mwanafunzi aliyekaa usiku chumbani kwake akaandika jambo lake, wala haiifikii karatasi iliyobandikwa ukutani kwa siku tatu. Na ni katika karatasi za jinsi hiyo ndimo ulimokuwamo moto wa Mlimani wa zama zile.

Mwezi wa Novemba mwaka 1969, chama cha wanafunzi wanamapinduzi kilichojulikana kwa herufi za USARF, ambacho mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni, kikishirikiana na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU la hapo chuoni, kilitoa jarida liitwalo Cheche. Wahariri wake walikuwa wanafunzi: Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Halikuwa na mtambo mkubwa wala wino wa rangi. Tuitazame kazi ya kuchapa ya namna ile kwa karibu, maana wengi wenu vijana hamkuiwahi. Taipu hutolewa utepe wake, herufi zikaipiga na kuitoboa karatasi laini yenye nta iitwayo stensili, na kosa moja hurekebishwa kwa dawa nyekundu yenye harufu kali, ukangoja ikauke. Kisha stensili huvikwa juu ya pipa la mashine, na mtu akazungusha mpini, karatasi moja baada ya moja, wino ukimrukia viganjani. Kisha kurasa hupangwa mafungu juu ya meza, na watu wakaizunguka meza hiyo wakiokota ukurasa mmoja katika kila fungu, mpaka kitabu kikamilike, kikabanwa kwa pini za chuma. Kwa taabu ya namna hiyo, mwezi wa Septemba mwaka 1970, Cheche lilitoa toleo makhsusi lenye makala ndefu ya Issa Shivji juu ya mapambano ya matabaka nchini, makala iliyosomwa na kujadiliwa mbali na Mlimani. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo jarida lilipigwa marufuku pamoja na chama chake, likiwa na umri wa mwaka mmoja.

Leo hapana mtu anayeandika juu ya fikra za Afrika Mashariki katika miaka ile asiyelitaja Cheche. Mwaka 2010 Karim Hirji alihariri kitabu kizima cha kumbukumbu zake, kilichochapwa na Mkuki na Nyota hapa Dar es Salaam. Lakini jiulizeni: siku jarida lile lilipotoka, ni mkutubi gani angaliweza kujua kwamba karatasi zile za wino uliofifia zingetafutwa baada ya miaka hamsini? Hapana angaliyejua. Na hilo ndilo fundisho. Mkutubi hana kipawa cha kujua mambo ya ghaibu, na kwa sababu hana, haimpasi kuhifadhi kile tu anachodhani kitakuwa na thamani. Imempasa kuhifadhi kwa utaratibu, kilichompendeza na kisichompendeza, kilichosifiwa na kilichokatazwa, maadamu kimetoka katika jumuiya aliyoajiriwa kuitumikia.

Hadhira tukufu, nimesema ya kupokea na ya kuhifadhi. Naomba sasa kusema ya kurudisha, nayo naiona ni nzito kuliko zote.

Katikati ya miaka ya 1960, Bwana J. W. T. Allen, Mwingereza aliyekijua Kiswahili kwa mapenzi na kwa muda mrefu, alizunguka mwambao wetu akiitafutia maktaba ya Chuo hati za kale za Kiswahili na Kiarabu. Alikuta hati hizo majumbani, masandukuni na makabatini, mikononi mwa wazee waliorithi kwa wazee wao. Nyingine zikatolewa, nyingine zikapigwa picha, na tendi zikaimbwa na wenyewe mbele ya mashine ya kunasia sauti ili mahadhi yake yasipotee. Fahirisi ya mkusanyiko huo ilitoka Leiden, Uholanzi, mwaka 1970. Ni hazina isiyo na kifani, na kila mwenye kufundisha ushairi wetu ana deni kwa maktaba iliyoipokea na kwa familia zilizoitoa.

Aliyewahi kuishika nuskha ya utenzi ya namna hiyo anaijua. Karatasi imegeuka rangi ya majani makavu, pembe zimelika, wadudu wametoboa njia zao kutoka ukurasa hata ukurasa. Wino mweusi umebaki, na pengine pana mstari mwekundu wa kupambanua kituo. Msomaji akifika mwisho hukuta khatima, ambapo mnakili hutaja jina lake na la baba yake, siku na mwezi wa Hijria aliomalizia, na mtu aliyemwandikia, kisha huwaomba wasomaji wamwombee dua na wamsamehe ikiwa mkono umekosea. Na katika pambizo, si ajabu kukuta mkono mwingine umeandika kwamba mtoto fulani amezaliwa, au mzee fulani amefariki. Almuradi wazee wetu hawakuitenga elimu na habari ya watu walioibeba. Waliziweka katika waraka mmoja, na aliyepewa waraka alipewa pia jukumu la kuwakumbuka wenyewe.

Basi mzee aliyefungua sanduku lake akampa mgeni kitabu cha babu yake hakufanya hivyo ili kitabu kifungiwe mahali ambapo mjukuu wake asingeruhusiwa kuingia kwa kuwa hana kitambulisho cha mwanafunzi. Alikitoa kwa kuaminiana. Na amana, kama tujuavyo sote, haikomi kwa kuiweka salama. Inadai mwenyewe aambiwe ilipo, aruhusiwe kuitazama, na apewe habari zake kwa lugha aifahamuyo. Maktaba inayopokea hati kwa Kiswahili, ikaorodhesha kwa Kiingereza, ikatangaza kwa wageni wa mikutano ya kimataifa tu, haijarudisha kitu kwa aliyeitoa.

Njia ya kurudisha ipo, tena tunayo kwa jirani. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, uliojengwa na Habib Saleh, ni chuo kwa maana halisi ya neno, kwa kuwa umewasomesha wanafunzi wa mwambao wote tangu enzi zake. Na vitabu vyake vingi vya mkono viliwekwa wakfu, yaani mwenyewe aliandika kwamba kitabu hiki si cha kuuzwa wala kurithiwa bali ni cha kusomwa na wanafunzi. Katika miaka ya karibuni hati hizo zilipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Vitabu vyenyewe vikabaki Lamu mikononi mwa wenyewe, na picha zake zikawekwa katika intaneti, asomaye Zanzibar na asomaye Muscat wakaziona bila malipo. Hivyo ndivyo inavyowezekana kuhifadhi bila ya kunyang'anya.

Turudi Mlimani. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa serikali ya China, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na rafu za kuweza kubeba vitabu 800,000. Ni jengo la fahari, nasi tunalifurahia. Lakini jengo ni kiwiliwili. Na mimi nauliza juu ya roho. Je, katika wasaa wote ule, imetengwa kabati moja kwa ajili ya habari za jumuiya yenyewe? Swali hili si la Mlimani peke yake; naliuliza kila chuo, cha ualimu na cha ufundi, cha serikali na cha dini, kuanzia hapa Pwani hata Kigoma.

Nitajaribu kutaja yanayowezekana pasipo bajeti kubwa. Kwanza, nakala moja ya kila tangazo linaloletwa kubandikwa iwekwe siku ile ile katika bahasha ya mwezi wake, baada ya kuandikwa tarehe kwa penseli. Ziondolewe pini na bana za chuma, kwa maana unyevu wa pwani huzitia kutu, na kutu huila karatasi. Wala zisitiwe utepe wa gundi, ambao kwa miaka michache hugeuka manjano ukaacha doa lisilotoka. Pili, kila mhadhara utolewao maktabani urekodiwe kwa idhini ya msemaji, na jina lake, siku na mada vitamkwe mwanzo wa rekodi yenyewe, kwa kuwa sauti isiyo na jina baada ya miaka ishirini ni fumbo. Tatu, liwepo daftari la matukio, likiandikwa kwa Kiswahili fasaha kila juma, na kazi hiyo wapewe wanafunzi kwa zamu, nao watajifunza humo uandishi kama walivyojifunza wenzao wa Kiungani. Nne, maadamu matangazo mengi ya siku hizi hayafiki tena ukutani bali hupita katika simu za mkononi yakazama siku ile ile, ateuliwe mtu mmoja wa kuyakusanya na kuyaweka, maana vijana wanadhani kilichomo simuni kimehifadhiwa, kumbe simu ikiibwa au kuharibika hakuna tena cha kusoma.

Tano, nalo ndilo ninalolitaka kuliko yote, itengwe siku moja katika kila mwezi, ambayo mwananchi yeyote ataruhusiwa kuingia maktaba ya chuo akiwa na barua za marehemu baba yake, picha za harusi ya bibi yake, daftari la chama cha beni au cha taarab, kadi ya TANU au gazeti kuukuu lililofungia nguo. Zipigwe picha mbele yake, zirudishwe mkononi mwake palepale, na aandikiwe risiti. Na habari za siku hiyo zisibandikwe chuoni tu, bali zipelekwe kwa wenyeviti wa mitaa, misikitini, makanisani na mashuleni, kwa lugha ya watu.

Najua mtaniuliza habari ya nafasi, nami najibu kwamba bahasha 12 za mwaka hazijazi hata nusu ya rafu. Mtaniuliza habari ya siri za watu, na hilo ni swali la haki: si kila barua ni ya kuonyeshwa, na aliye hai ana heshima yake, basi yawekwe masharti, mwenye hati aseme ni kipi cha kusomwa sasa na kipi cha kungoja, na neno lake liandikwe na kutimizwa. Mtaniuliza pia kama si hatari kuhifadhi maneno ya ubishi na upinzani. Nawajibu kwa mfano wa Cheche: lilikatazwa, lakini nchi haikupata madhara kwa kuwa nakala zake zilisalia; imepata faida, maana inajua vijana wake walifikiri nini walipokuwa wakifikiri kwa nguvu zao zote. Hatari iko upande wa pili, katika kizazi kitakachosimuliwa mambo yake na wengine kwa kukosa ushahidi wake chenyewe.

Ndugu zangu, taifa lisilotunza habari za vyuo vyake litaazima historia yake ugenini, na litaazimwa kwa masharti ya mwenye mali. Wakutubi, nawasihi mzipokee karatasi hizi, hata zile zionekanazo duni. Wanachuo, andikeni yanayotendeka kati yenu, mtie majina na tarehe, mkayalete. Wakuu wa vyuo, wafungulieni milango wananchi. Nanyi wazee wetu, msichome wala msitupe kilichomo masandukuni. Tuleteeni tukinakili, kisha mrudi nacho nyumbani.